Kulabu ya Mwisho

Siku ya kwanza koti lilipoanguka, Avis Crowther aliliokota, akalikung'uta, akalirudisha mahali pake. Makoti huanguka. Hakuna mtu anayemwita padri kwa sababu ya koti.

Kilichomsumbua ni kitu kidogo alichokisikia vidoleni. Koti lilikuwa limelowa, naye hakuwa ametoka nje tangu juzi. Mvua ilinyesha, ndiyo, maana mji wa Askerdale ukifika Novemba haujui kazi nyingine, lakini ilinyesha nje, na koti lilikuwa ndani, kwenye kulabu ya mwisho karibu na mlango. Avis alitazama dari. Kavu. Akapapasa ukuta. Mkavu. Akanusa ukosi wa koti, akapata harufu ya sufu iliyonyeshewa, na chini ya hiyo harufu nyingine hafifu, ya chaki na kabichi iliyochemshwa mno.

"Nyumba kuukuu," alijiambia, akawasha birika la chai.

Nyumba ilikuwa kuukuu kweli, ingawa kwake ilikuwa mpya. Zamani hapo palikuwa Shule ya Wasichana ya Askerdale, ile ya waliofaulu mtihani wa kuwachuja watoto wa miaka kumi na moja. Ilifunguliwa kabla ya vita vya kwanza, ikalea wasichana wa vita vya pili waliochimba viazi kwenye uwanja wao wa mpira wa magongo, kisha serikali ikaamua kwamba watoto wasitenganishwe tena. Wavulana wakaletwa, jina likabadilishwa, na mwishowe milango ikafungwa, njiwa wakahamia madarasani. Baadaye wakaja wajenzi, wakayagawa madarasa kuwa nyumba za wazee. Ya Avis ilikuwa ghorofa ya chini, pale palipokuwa chumba cha makoti. Wajenzi walikuwa wameacha safu moja ya kulabu za zamani ukutani, za chuma kizito, kila moja na kijibati chake cha namba kilichosuguliwa kikang'aa. Mapambo, walisema.

Avis alizipenda kulabu zile kupita kitu chochote alichokuwa nacho, kwa sababu hakuwahi kuwa nayo hata moja.

Walizaliwa mapacha, yeye na Thelma, watoto wa Sugden mwenye duka la nyuzi. Sura moja, sauti moja, hata kikohozi kimoja. Walipofika miaka kumi na moja walifanya mtihani ule siku moja, madawati yao yakiwa bega kwa bega. Thelma alifaulu. Avis hakufaulu. Mama yao alilia jikoni upande mmoja wa uso na kucheka upande mwingine, maana ndivyo ilivyobidi. Septemba ilipofika Thelma alivalishwa kofia ya kijani na koti la kijani, akapewa mfuko wa viatu vya ndani, maana viatu vya nje vilivuliwa mlangoni, na Avis akaenda shule ya pili, ng'ambo ya reli, ambako wasichana walifundishwa kupika na kupiga chapa. Jioni Avis alikuwa akitoka mapema. Alisimama kwenye vyuma vya ua wa shule ya dada yake akimngojea. Alisema anamngojea. Kwa kweli alikuwa akitazama ndani.

Aliutazama ua ule miaka saba. Kisha akafanya kazi kiwandani, akaolewa na Norman, akazaa, akazika. Norman alipofariki, akasikia shule inauzwa vipande vipande, akauza nyumba yake kabla hajamaliza kumlilia.

Simu aliyompigia Thelma ndiyo iliyokuwa tamu kuliko vyote.

"Umenunua nini?" Thelma aliuliza kutoka Leeds.

"Nyumba. Shuleni kwenu."

Avis alisikia saa ya ukutani ya dada yake ikigonga.

"Chumba gani?"

"Cha makoti."

"Cha makoti!" Thelma aliangua kicheko, lakini kicheko kilikuwa na kingo kali. "Miaka yote hiyo, Avis, halafu unaishia kulala kwenye chumba cha makoti!"

"Wewe ulitundika koti tu ukaenda zako. Mimi nalala humo."

"Ulijua nami nataka kununua nyumba humo. Nilikwambia Pasaka."

"Uliniambia unafikiria. Mimi sikufikiria."

"Una roho mbaya wewe."

"Tulizaliwa pamoja, mpenzi. Tuligawana."

Wakakata simu kila mmoja akidhani ndiye aliyetangulia kukata.

Alhamisi, wakazi hukutana ukumbini kunywa chai. Ukumbi ni uleule wa shule, mbao zilezile za sakafu, na wengi wa wanaokaa mle ni wanafunzi wa zamani waliorudi kuzeekea walikokulia. Avis alikwenda Alhamisi yake ya kwanza na keki ya tangawizi mkononi. Kabla hajapata mahali pa kuiweka, bibi mmoja mrefu, mkavu kama fimbo zake mbili, alisimama kwa shida.

"Thelma Sugden!" alisema. "Winga wangu wa kushoto!"

Huyo alikuwa Bi Pickersgill, aliyefundisha michezo pale ujanani mwake. Alikuwa na miaka karibu tisini, na filimbi yake bado ilining'inia shingoni, juu ya sweta.

Avis alifungua mdomo aseme, hapana mwalimu, mimi ni pacha wake. Mdomo ukasema, "Ndiyo, mwalimu."

Ikawa kama mtu aliyeingizwa miguu kwenye maji ya moto baada ya baridi kali. Walimvuta kiti. Walimkatia kipande cha kwanza cha keki aliyoileta mwenyewe. Walimkumbusha magoli aliyoyafunga. Wakaimba wimbo wa shule, na Avis akachezesha midomo tu, machozi yakimlengalenga.

"Na yule pacha wako?" aliuliza Muriel Thwaite, mwanamke mnene mwenye ulimi usiopumzika. "Yule aliyeshindwa? Alikuwa akisimama pale kwenye vyuma, macho kama paka mbele ya duka la samaki. Jamani, tulivyokuwa tukimcheka! Yuko wapi siku hizi?"

Avis alikoroga chai yake. Sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani.

"Sijui," alisema. "Hata sijui kama yupo."

Aliporudi nyumbani kwake, koti lilikuwa sakafuni tena, limelowa kiasi cha kuacha kidimbwi.

Baada ya siku hiyo mambo hayakujificha. Koti lilianguka kila alipolitundika. Akalikaza kwa pini, akalikuta sakafuni na pini ikiwa bado imefungwa. Kisha zikaja hatua. Zilikuja saa kumi jioni, giza la majira ya baridi linapoanza kugusa vioo, saa ambayo zamani kengele ya kutokea ilikuwa ikilia: hatua laini, nyepesi, za mtoto aliyevaa viatu vya ndani, zikipita kwenye korido, zikiingia bila mlango kufunguka, zikifuata ukuta kulabu baada ya kulabu, na kusimama kwenye ile ya mwisho. Kisha mtu alivuta pumzi kwa shida, kifua kikikwaruza, kama wanavyopumua watoto wenye homa ya mapafu.

Asubuhi moja alikuta viatu vyake vya nje vimewekwa nje ya mlango, vimepangwa sawasawa, ncha zikielekea barabarani. Kesho yake, viatu na mwavuli. Keshokutwa, viatu, mwavuli, na picha ya Norman.

"Jana ulitupita bila salamu," Muriel alimwambia kwenye korido. "Tumekukosea nini?"

"Jana sikutoka."

"Umetupita hapa hapa, Thelma, nywele zinachuruzika maji. Nikasema, yule ataugua. Ukanitazama hivi." Muriel alikodoa macho, akacheka, kisha kicheko kikamkauka mwenyewe. "Kama mtu aliyesahau jinsi ya kutazama watu."

Jioni ile Avis hakuwasha taa. Alikaa kwenye kiti chake akilikabili koti, kikombe cha chai kikipoa magotini, na hatua zilipokuja na kusimama alijikaza asifumbe macho, akaona ukosi wa koti ukiinuka polepole kama unaoshikwa na vidole viwili vyenye adabu, ukatoka kwenye kulabu, ukaachiwa, na koti likaanguka chini kwa mshindo mzito kuliko uzito wake, na kutoka mahali palipokuwa patupu, urefu wa kifua chake, ikatoka sauti ya msichana, ndogo, ya kukwaruza.

"Hii ni yangu."

Mtu mwingine angekimbia. Avis alimwaga chai magotini, lakini kilichopanda kooni mwake hakikuwa kilio. Kilikuwa kile kile cha zamani, kile alichokuwa akikimeza kwenye vyuma vya ua.

"Nimengoja," alisema kwa sauti ya chini. "Nimengoja kuliko wewe. Sasa nimeingia. Sitoki."

Kitu kilimkaribia, baridi na chenye harufu ya sufu, kikaukaribia uso wake na kuutazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia gauni dirishani na kujiuliza kama litamtosha.

Bi Pickersgill alikuja mwenyewe siku iliyofuata, fimbo zake zikigonga sakafu. Alisema amekuja kunywa chai. Lakini hakuipita ile safu ya kulabu. Alisimama mlangoni, akalitazama koti, na rangi ikamtoka usoni.

"Nani ametundika koti pale?"

"Mimi, mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu nihamie. Kuna nini?"

Bibi yule alikaa kabla ya kukaribishwa. "Hakuna msichana aliyesoma hapa," alisema, "hata yule mtukutu kabisa, hata yule mjinga kabisa, ambaye angetundika koti kwenye kulabu ya mwisho. Siku ya kwanza kabisa, kabla hawajaonyeshwa choo, wakubwa waliwaonyesha wadogo ile kulabu. Ile ni ya Lettice. Hata wakati wa vita vya pili, shule ilipobanwa na watoto wakimbizi, makoti matatu kwa kulabu moja, ile iliachwa wazi."

"Lettice nani?"

"Lettice Umpleby. Mtoto wa mfua nguo, mwaka shule ilipofunguliwa. Alifaulu. Akapewa nafasi, akapewa namba ya kulabu, mama yake akamshonea koti kwa kufumua blanketi. Siku ya kufungua, akaambiwa kulabu yake amepewa mwingine, binti wa mtu aliyeichangia shule kengele. Wakasema yeye angoje, labda nafasi itatokea." Bi Pickersgill alishika filimbi yake. "Akangoja. Pale kwenye vyuma, kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Hakufika Krismasi. Na yule binti wa kengele hakuweza kulibakiza koti lake pale hata saa moja."

Pale kwenye vyuma. Avis alitaka kumhurumia mtoto yule. Alijitafutia huruma ndani, akakuta wivu umetangulia: hata huyu alifaulu.

"Mwalimu, tutamtoaje?"

"Hatukumtoa kamwe. Tulikuwa tunamwachia chake. Lettice hanyang'anyi kitu kilichoshikwa na mwenyewe, anachukua kilichoachwa wazi. Ndiyo maana kila asubuhi tuliita majina, na kila mmoja akaitika lake. Sikiliza. Alhamisi, kabla ya chai, nitaita majina kama zamani. Kila mtu ataitika jina lake. La kweli. La mwisho nitaita la Lettice, na hatajibu mtu, halafu wewe utakwenda kuliondoa koti lako kwa mkono wako na kusema, kulabu yako i wazi. Basi. Ataridhika." Akashika fimbo zake. "Na umwite pacha wako aje."

Avis hakuthubutu kuinua macho. "Pacha wangu?"

"Thelma alikuwa akishika kila kitu kwa mkono wa kushoto, kipenzi changu. Nilimfundisha miaka saba."

"Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Tangu kikombe cha kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Nilifundisha watoto muda mrefu," alisema Bi Pickersgill. "Mtoto akidanganya kwa sababu ya njaa, unampa muda aseme mwenyewe. Lakini muda umekwisha, Avis. Umeliacha jina lako wazi. Unanielewa?"

Avis alisema anaelewa. Na siku ile alielewa kweli. Aliliondoa koti mwenyewe, akalilaza kitandani, akampigia Thelma simu, na wakazungumza bila kugombana kwa mara ya kwanza tangu Norman azikwe.

"Nilikuonea wivu, unajua," Thelma alisema katikati ya mazungumzo.

"Wewe? Mimi?"

"Ulikuwa unarudi nyumbani mapema, unakaa na mama. Mimi nikirudi nawakuta mmeshacheka, mmeshamaliza. Halafu ukapata mshahara, ukapata viatu vyekundu, ukapata Norman. Mimi nilipata Kilatini."

Avis alicheka mpaka akalia. Alilala akijisikia mwepesi. Asubuhi koti lilikuwa limerudi kwenye kulabu ya mwisho, kavu, limening'inia vizuri, vifungo vyote vimefungwa, kama limevaliwa na mtu mwembamba sana.

Alhamisi, Thelma alifika na treni ya mchana. Avis alikuwa ameyapanga maneno yake. Angesimama, angesema: mimi ni Avis, nisameheni, nilitamani. Maneno machache tu. Alimpokea dada yake mlangoni, wakakumbatiana, wakaingia pamoja.

"Mungu wangu, harufu ileile!" Thelma alisema, akiangaza macho. Akaiendea safu ya kulabu moja kwa moja, akaigusa moja ya katikati kwa mkono wa kushoto. "Yangu hii hapa. Nilichora herufi zangu chini yake kwa pini ya nywele. Njoo uone, Avis."

Avis aliinama. Herufi zilikuwapo. Wiki zote hizi alikuwa amelala karibu nazo na hakuzijua.

Ukumbini ikawa vurugu ya furaha. Wako wawili! Wanafanana kama mayai! Thelma, ambaye hakujua lolote kuhusu uongo wa dada yake, alijiweka kati yao kama mtu anayeingia kwenye kitanda chake. Aliulizwa neno moja akatoa hadithi tatu. Alianzisha wimbo wa shule, akauimba na ubeti wa nne, ule ambao wengine walikuwa wameusahau, na mabibi wakafuta machozi. Avis alikaa kwenye kiti kilekile walichomvutia wiki ya kwanza, na hakuna aliyemtazama. Kipande cha kwanza cha keki alipewa Thelma. Keki ilikuwa ya Avis.

"Ngojeni kwanza," alisema Muriel, macho yakiruka kutoka uso hadi uso. "Basi Thelma ni yupi? Maana kama huyu ndiye, yule tuliyekuwa tukimlisha ni nani? Yule paka wa duka la samaki?"

Walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Lakini Avis alisikia kicheko kile kikitoka mbali, kikipita katikati ya vyuma vya ua.

Bi Pickersgill alipuliza filimbi kidogo, wakanyamaza kama watoto. Nje giza lilikuwa limeanza kuingia. Saa kumi.

"Nitaita majina," alisema. "Nikianza sisimami njiani, kwa hiyo kila mtu awe tayari. Muriel Thwaite."

"Nipo, mwalimu," alisema Muriel huku akitabasamu.

Akaita wengine, na kila mmoja akaitika, na kila sauti ilikuwa changa kidogo kuliko mwenyewe. Kwenye korido, mbali, hatua laini zilianza. Avis peke yake ndiye aliyezisikia, au alidhani hivyo, mpaka alipoona mwalimu akigeuza kichwa kuelekea mlangoni.

"Thelma Sugden."

Thelma alivuta pumzi aitike. Na Avis, ambaye maneno yake yalikuwa yamepangwa, ambaye alikuwa amecheka na dada yake simuni mpaka akalia, alimwona dada yake akifungua mdomo kuchukua tena kitu kile kile, kwa wepesi ule ule, mbele ya watu wale wale, na kile cha zamani kikapanda, kikayafagia maneno yote.

"Nipo, mwalimu," alisema Avis.

"Avis!" Thelma alisema, akigeuka. "Unafanya nini?"

Bi Pickersgill alifumba macho. Alipoyafumbua alimtazama Avis kama anavyotazamwa mtoto anayesimama kwenye ukingo wa mto. Akaita jina lililofuata taratibu, akilivuta, akimpa kila nafasi aliyoweza kumpa.

"Avis Sugden."

Ilikuwa ni kuitika tu. Neno moja. Avis alilisikia ulimini, akaona nyuso zote, akaona tabasamu la Muriel likingoja, akaibana midomo yake, akajiambia atasema baadaye, watakapokuwa wachache, na hatua zile zikaacha kunyata, zikakimbia, zikaja kwenye korido kwa furaha ya mtoto aliyeitwa baada ya kungoja muda mrefu kupita maisha yake, na mlango wa ukumbi ukafunguka, na harufu ya sufu iliyolowa ikawafikia wote.

"Nipo, mwalimu."

Mwanamke aliyesimama mlangoni alikuwa na miaka sabini. Alivaa koti la Avis, vifungo vyote vimefungwa. Nywele zake zilichuruzika maji. Uso ulikuwa wa Avis mpaka kovu dogo la kidevuni.

"Nisameheni nimechelewa," alisema. "Mimi ni Avis. Niliwadanganya. Nilitamani sana kuwa mmoja wenu, basi nikasema mimi ni Thelma. Nisamehe, dada."

Kila neno lilikuwa lile lililopangwa. Thelma alimkimbilia akamkumbatia, koti na maji na vyote. "Mjinga wewe," alisema akilia. "Umelowa hivi, mjinga wewe."

"Mimi niko hapa!" Avis alipiga kelele. "Thelma, mimi hapa!"

Muriel aliunyosha mkono, akaweka mkoba wake kwenye kiti alichokalia Avis, kama mtu anayeuweka kwenye kiti kitupu. Sakafu ya mbao ikawa baridi chini ya nyayo za Avis. Akakimbilia mlangoni, akamshika dada yake bega, asisikie bega, na alipogeuka kumtafuta mwalimu hakukuwa na ukumbi, ilikuwa mvua, ilikuwa vyuma vya ua mikononi mwake, na miguuni alikuwa amevaa viatu vyake vya nje, vimefungwa kamba vizuri sana.

Yuko pale. Anaona kila kitu, maana taa huwashwa mapema. Anamwona Thelma akija kila Alhamisi kwa treni, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia yeye. Anamwona yule mwingine akikatiwa kipande cha kwanza. Anawaona wakichekea viatu vyekundu. Yule mwingine haachi koti lake kwenye kulabu ya mwisho. Hulitundika juu ya herufi za Thelma, na Thelma humruhusu.

Bi Pickersgill peke yake alikuwa akija dirishani. Aliutazama ua, akatikisa kichwa kwa huzuni, na kila jioni alipita kuhakikisha kulabu ile iko wazi. Alifariki kabla ya Pasaka.

Nyumba yake ilinunuliwa na mjane kutoka mbali, mtu mcheshi asiyejua lolote kuhusu shule ile. Alhamisi yake ya kwanza alialikwa chai kwenye chumba cha makoti. Aliingia akicheka, mvua ikimdondoka, akavua koti, akatafuta pa kuliweka. Safu nzima ilikuwa imejaa makoti ya wageni. Ilibaki moja karibu na mlango.

Yule anayeitwa Avis alikuwa akimimina chai na kumsikiliza dada yake. Amekuwa mtu kwa muda sasa, na mtu husahau. Hakugeuka kumzuia.

Nje, kwenye vyuma vya ua, Avis alifungua kamba za viatu vyake vya nje, akavua kimoja, akavua cha pili, akavishika mkononi kama msichana mwenye adabu anayejua sheria za shule. Kisha akaanza kutembea kuelekea mlangoni, kwa hatua laini.